Mali Bila Daftari: Kituo cha Tunguu na Watu Wake

Mkulima wa karafuu hana haja ya kufundishwa thamani ya daftari. Msimu unapoingia, kila jioni wachumaji huteremsha vikapu vyao, karafuu zikachambuliwa makonyo, zikapimwa kwa pishi, na mwenye shamba au msimamizi wake akaandika: fulani pishi kadha, fulani pishi kadha. Asiyeandika, siku ya malipo kwake huwa siku ya ugomvi. Wazee wetu walilimaliza jambo hili kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari.

Leo nataka kusema juu ya mali moja ya Unguja ambayo hatukuiandika katika daftari letu, na sasa inakaribia kupotea bila habari. Nayo ni historia ya kituo cha Tunguu, kilichojengwa kufuatilia vyombo vya angani, na ya watu waliofanya kazi pale.

Huenda mwanachama akauliza: mambo ya Tunguu yanamhusu nini mtu akaaye Bangwe, huku Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika? Jibu langu ni kwamba shamba letu la urithi liko Koani, na kila msimu nikijaaliwa hurudi nyumbani. Lakini macho yangu yalifumbuliwa huku Bangwe. Mtu akiwa kwao hupita kila siku mbele ya kitu asikione. Akikaa ugenini, akaona jinsi wenzake wanavyotunza vya kwao, ndipo hukumbuka alichokiacha nyumbani.

Nitaeleza niliyoyaona huku. Kaskazini yetu, mwendo wa saa kadhaa kwa boti kutoka Kibirizi, upo msitu wa Gombe. Tarehe 14 Julai 1960 alishuka pale Jane Goodall, binti wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 26, akaanza kuwaangalia sokwe na kuandika kila alichokiona. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, na habari zake zilisomwa dunia nzima. Lakini mimi lililonigusa zaidi ni jambo jingine. Ni madaftari ya wasaidizi wake, wenyeji wa vijiji vya ukingo wa ziwa. Hao ndio wanaowafuata sokwe tangu alfajiri hadi jioni, na wanaandika kwa Kiswahili: sokwe gani amekula nini, amekaa na nani, amepigana na nani. Mwezi wa Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa usiku, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Baada ya hapo wageni waliondolewa Gombe, na mtu angedhani kazi imekwisha. Haikwisha. Wenyeji waliendelea kuwafuata sokwe na kuandika. Leo mtaalamu anayetaka kujua habari za sokwe wa miaka ile hana budi kusoma kazi ya mikono ya watu wa Kigoma.

Ujiji nako, karibu na hapa nikaapo, pana jiwe la kumbukumbu mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Watoto wa skuli hupelekwa pale. Watu wengi wanajua pia majina ya Chuma na Susi, ambao Livingstone alipofariki mwaka 1873 walikuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wake kutoka bara hadi pwani. Lakini wapagazi wengine, mamia kwa mamia, waliobeba mizigo ya safari zile tangu Bagamoyo hadi ziwani, wengi wao hakuna ajuaye hata majina yao. Walioandikwa tunao, na wasioandikwa wametoweka.

Basi nikikaa barazani huku Bangwe nikiyawaza hayo mawili, madaftari ya Gombe na wapagazi wa Ujiji, mawazo yangu hurudi Tunguu. Nikajiuliza: watu wetu wa kituo kile watahesabiwa na wa Gombe au na wapagazi?

Kwa faida ya vijana nieleze kituo kile kilikuwa kitu gani. Mwaka ule ule wa 1960, Uingereza, ambayo Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yake, ilitiliana saini na Marekani mapatano ya kujenga kituo Unguja. Kilikuwa sehemu ya Mpango wa Mercury, mpango wa kwanza wa Marekani wa kumpeleka mtu angani akaizunguka dunia na kurudi salama.

Shida yao ilikuwa hii. Chombo kile kilikwenda kasi ya karibu kilometa 28,000 kwa saa, kikamaliza kuizunguka dunia kwa muda wa dakika 90 hivi. Mawimbi ya redio yaliyotumika kuzungumza nacho huenda moja kwa moja, hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Kwa hiyo kituo kimoja kiliweza kukisikia chombo kwa dakika chache tu kinapopita juu yake, kisha kikazama upande wa pili wa upeo wa macho na sauti ikakatika. Dawa yake ikawa kupanga vituo kuizunguka dunia nzima. Ni kama watu wanaoamia ndege katika bonde refu la mpunga: mmoja hawezi kulinda bonde lote, basi kila mmoja huwa na dungu lake, na ndege wakimpita humpigia ukelele mwenzake wa mbele.

Madungu yale yalikuwa 18, baadhi yake nchi kavu na mengine katika meli. Chombo kiliruka kutoka Florida, kikasikilizwa Bermuda, kikavuka bahari mpaka visiwa vya Kanari, kikaingia Afrika na kupokewa Kano, Nigeria. Kano wakikiachia, waliofuata kukipokea ni Unguja. Unguja wakikiachia, kiliingia Bahari ya Hindi, ambako meli ilikingoja, kisha Australia, na kuendelea hivyo mpaka Marekani tena. Katika mnyororo ule pete moja ilikuwa yetu. Pale Tunguu palisimama eriali na mashini za kupokelea habari, na mafundi wakangoja vyombo vilivyotoka upande wa pili wa dunia.

Tarehe 29 Novemba 1961 aliyepita juu hakuwa mtu bali sokwe, jina lake Enos, aliyeizunguka dunia mara 2 akarudi hai. Mimi nikaaye jirani na Gombe nilipoisoma habari hiyo sikuacha kutabasamu. Huku watu walikuwa wakimfuata sokwe kwa miguu msituni, na kule Unguja mafundi walikuwa wakimfuata sokwe kwa redio mbinguni, na wote katika miaka ile ile.

Kisha ikaja tarehe 20 Februari 1962, siku aliyopaa John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Hapa nataka wanachama watulie kidogo, maana kuna jambo ambalo vitabu vya Marekani havilisemi, na mtu wa Unguja akihesabu mwenyewe ataliona. Glenn aliondoka Florida saa 3 na dakika 47 asubuhi kwa saa za huko. Kwetu ilikuwa saa 11 na dakika 47 za jioni. Nusu saa baadaye alikuwa juu ya Unguja, yaani saa 12 na robo hivi, jua likielekea kuzama. Na mwezi ulikuwa wa Ramadhani, mwaka 1381 wa Hijra, kumi la kati.

Yaani Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia alipita juu ya vichwa vyetu wakati Unguja nzima imefunga, futari iko jikoni, na watu wanasubiri adhana ya magharibi. Alipozunguka mara ya pili na ya tatu kwetu ilikuwa usiku, mwezi mpevu ukiwa juu.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwapo Tunguu jioni ile. Alikuwa mkulima wa Koani kama baba yake. Kituo kilipojengwa alikwenda kuchimba mitaro ya nyaya, na kazi ya kuchimba ilipokwisha akawekwa mlinzi. Alitusimulia mara nyingi tulipokuwa tukichambua karafuu usiku kwa taa ya chemni. Alisema yeye na wenzake walikaa nje na tende zao na kopo la maji, wakisubiri adhana. Ndani, Wamarekani walikuwa na vifaa vya kusikilizia masikioni. Kilichomshangaza hakikuwa kelele, bali ni kimya. Alisema, "Watu wazima wote wale, hapana aliyekohoa." Hakuelewa yaliyokuwa yakisemwa, lakini alijua kwamba ndani ya kimya kile alikuwapo mtu aliye hai juu angani, na kwamba hawa wanamsikiliza kama yu mzima. Na kweli ndivyo ilivyokuwa, maana habari za mwili wa Glenn zilipokewa pale kwa redio, na daktari wa kituo akamwona mzima. Kisha adhana ikalia, mjomba akafuturu.

Habari kama hii haimo katika vitabu vya Marekani. Humo mna majina ya wanaanga, mna dakika na sekunde, mna maneno yote waliyosema. Hamna tende za mjomba wala walinzi wa Unguja waliofunga Ramadhani mlangoni. Lakini mlango ule bila mlinzi, na mitaro ile bila mchimbaji, na chakula kile bila mpishi, kituo kisingefanya kazi hata siku moja.

Wanaanga wengine walifuata, Scott Carpenter mwezi wa Mei 1962 na Walter Schirra mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Wa mwisho wa mpango ule alikuwa Gordon Cooper, tarehe 15 na 16 Mei 1963, aliyezunguka mara 22. Naye aliacha jambo la kukumbukwa. Alipokuwa akipita Zanzibar alitoa salamu kwa Afrika, akawatakia kheri viongozi wa Afrika katika mkutano wao wa Addis Ababa, mkutano ambao tarehe 25 Mei 1963 ulizaa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Zanzibar yenyewe ilikuwa haijapata uhuru bado. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba mwaka huo. Lakini jina la Zanzibar lilikwisha kutajwa kutoka angani katika salamu kwa Afrika nzima. Ni watoto wangapi wa skuli zetu walioambiwa hayo?

Sasa sitaki mtu aseme kwamba nasifu upande mmoja tu. Kituo kile kilikuwa na ugomvi wake, na ugomvi ule nao ni historia yetu. Mapatano ya 1960 yalifanywa baina ya London na Washington, na wananchi hawakuulizwa. Chama cha Hizbu kilipinga kwa nguvu, watu wakaandamana, na neno lililoenea mjini na mashamba ni kwamba Wamarekani wanajenga kituo cha roketi. Roketi pale haikuwapo. Palikuwa pahali pa kusikilizia. Lakini hofu ya watu haikuwa ya kipumbavu. Dunia ilikuwa imegawanyika baina ya Marekani na Urusi, na mtu wa kisiwa kidogo alikuwa na haki ya kuuliza: wakubwa hawa wakipigana, bomu la kwanza litaangukia wapi? Aliyeandamana dhidi ya kituo na aliyechimba mitaro yake wote walikuwa watu wa Unguja, na pengine walikuwa wa nyumba moja. Daftari la haki litawaandika wote wawili.

Mwisho wake wauelewa. Yalitokea Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani wengi wakaondolewa kwa meli ya kivita, na serikali mpya ikataka kituo kiondoke. Mwezi wa Aprili, mwezi ule ule uliozaa Muungano tarehe 26, ukawa mwezi wa kung'oa kituo. Kazi ya Unguja ikachukuliwa na Madagaska, na huko pia ilikatika mwaka 1975. Hivi kituo chetu kiliishi muda mfupi kuliko mkarafuu unavyohitaji tangu kupandwa hata kuzaa vizuri.

Mashini zilikwenda, lakini watu walibaki, na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mjomba alirudi Koani kwenye mikarafuu. Wenzake wengine walikwenda Dar es Salaam, wengine Mombasa, wengine wakafika Oman. Katika siku zile za hofu haikuwa busara mtu kujulikana kwamba aliwatumikia wageni. Barua ya kazi ya mjomba, yenye jina lake na muhuri, bibi yetu aliitia motoni chini ya chungu. Simlaumu, maana alikuwa akilinda mwanawe. Lakini barua ile ingekuwapo leo, ningekuwa na ushahidi wa kuwaonyesha.

Wa kulaumiwa ni mimi. Mjomba alikuwa akiwataja wenzake wa zamu, watu 8, mmoja mmoja, jina na jina la baba na kijiji. Nimeyasikia majina yale labda mara 20. Nilikuwa na kalamu, nilikuwa na daftari, na katika daftari lile niliandika pishi za wachumaji kila jioni bila kukosa. Majina yale sikuyaandika. Niliona mjomba yupo, na hadithi ipo. Sasa mjomba hayupo. Katika majina 8 nakumbuka 3, na mojawapo sina hakika nalo. Watu 5 wamepotea mikononi mwangu mimi, mtu niliyesoma.

Ndugu wanachama, fanyeni hesabu. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 Glenn alipopita, leo amekwisha kupita 80. Kila msimu unaokwisha twazika wazee. Shauri langu halingoji mkutano mkuu wa mwaka kesho kutwa.

Najua yatasemwa mambo matatu, na nitayajibu.

La kwanza, kwamba hii ni habari ya Wamarekani, waache waiandike wenyewe. Wameshaiandika, tena vizuri, lakini wameandika ya kwao. Tazameni wenzetu. Usiku ule ule wa Ramadhani, Glenn alipotuacha sisi akavuka Bahari ya Hindi, watu wa Perth huko Australia waliwasha taa zao zote ili azione, naye akaziona akawashukuru. Mpaka leo Perth wanajivunia taa zile. Katika mji wa Carnarvon, pwani hiyo hiyo ya magharibi ya Australia, pana makumbusho yanayohifadhi historia ya kituo cha namna hii. Ni mtu yule yule aliyepita na usiku ni ule ule, na Perth walifanya kuwasha taa tu, wala hawakulala usingizi juu ya jambo lao. Karibu zaidi, Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walirusha vyombo kutoka jukwaa la baharini. Chombo kilichorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe ya uhuru wa Kenya, kilipewa jina la Uhuru, na jina hilo la Kiswahili limo katika kila kitabu cha elimu ya nyota. Pwani yetu ya Waswahili ina sehemu yake katika habari za anga, na Unguja ilitangulia.

La pili, kwamba tutafukua mambo ya siasa yaliyolala. Nasema mambo yasiyoandikwa hayalali. Yanabaki kuwa uvumi, na uvumi hugombanisha watu zaidi kuliko maandishi. Mpaka leo wapo wanaoamini kwamba Tunguu palikuwa na makombora. Mzee mmoja aliyefanya kazi pale akieleza alichokiona, na mzee mmoja aliyeandamana akieleza alichokihofia, vijana watajifunza zaidi kuliko miaka 60 ya minong'ono.

La tatu, kwamba sisi ni jumuiya ya karafuu, hatuna biashara na mambo ya angani. Hili ndilo lenye uzito, na nitalijibu kwa karafuu. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyoshika uongozi wa karafuu. Twajuaje? Hakuna mmoja wetu aliyekuwapo. Twajua kwa sababu wapo walioandika. Mkulima asiyejua kwa nini karafuu ziko Pemba zaidi kuliko Unguja hajui kazi yake sawasawa. Basi na sisi tunadaiwa na watakaokuja. Tena kijiografia jambo hili ni letu: Tunguu, Koani, Dunga na vijiji vya jirani vina wanachama wetu na jamaa za wanachama wetu. Nani atakayewafikia wazee hawa upesi kuliko jumuiya yenye matawi mashambani?

Basi nashauri mambo haya, nayo si ya gharama.

Kwanza, kila tawi la wilaya zinazopakana na Tunguu liweke daftari moja. Katibu wa tawi au kijana wake aliyemaliza skuli aende kwa wazee, aulize na aandike: jina, kijiji, kazi aliyoifanya kituoni, mwaka aliouanza na alioumaliza, alipwa kiasi gani, wenzake walikuwa nani, na siku aliyoikumbuka kuliko zote. Aandike kwa maneno ya mzee mwenyewe, asiyatengeneze. Leo simu za mkononi zinanasa sauti. Basi na sauti inaswe pia.

Pili, waulizwe na waliopinga. Waulizwe kwa adabu ile ile, na maneno yao yaandikwe kwa ukamilifu ule ule.

Tatu, waulizwe wanawake. Wapo waliouza maandazi na kahawa njiani, waliofulia nguo, walioachiwa shamba na mavuno peke yao waume walipokwenda Tunguu kufuata mshahara. Bibi yangu alijua habari za kituo kile kuliko baba, kwa kuwa yeye ndiye aliyehesabu fedha zilizoletwa nyumbani.

Nne, nyumba zifungue masanduku. Picha, kitambulisho, risiti, hata beji ya kofia. Mwenye kitu asinyang'anywe. Kipigwe picha, arudishiwe mkononi mwake siku ile ile, na jina lake liandikwe kwamba ndiye mwenye mali.

Tano, nakala zisikae mahali pamoja. Tulijifunza kwa machozi tarehe 25 Desemba 2020, Beit al Ajaib, jumba lililosimama tangu karne ya kumi na tisa, lilipoanguka sehemu yake mchana kweupe na kuua watu. Nyumba nayo hufa. Basi nakala moja iende Nyaraka za Taifa Kilimani, moja ibaki tawini, na moja ipelekwe Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho kwa bahati njema kiko hapo hapo Tunguu. Fikirini: vijana wanasoma elimu ya kompyuta na sayansi katika kijiji kile kile ambako mwaka 1962 babu zao walilinda mlango wa mashini za kumsikiliza mwanaanga, na pengine hakuna aliyewaambia.

Sita na mwisho, liwekwe jiwe. Lisiwe kubwa. Liwe na maneno ya Kiswahili yanayosema hapa palikuwa na kitu gani, tangu mwaka gani hadi gani, na chini yake majina ya watu wa Unguja waliofanya kazi pale, kadiri tutakavyoyapata. Majina ya wanaanga dunia inayo. Hayana haja ya jiwe letu.

Lakini sharti langu moja ni kwamba jiwe liwe la mwisho. Nimeona mahali pengine watu wanaanza na jiwe, na sherehe, na utepe, na hotuba, halafu majina hayaandikwi. Daftari kwanza, jiwe baadaye. Mzee hangoji fundi wa mawe.

Mimi naanza. Niliporudi Bangwe kutoka msimu uliopita nilinunua daftari dukani Kigoma mjini, nikaandika katika ukurasa wa kwanza jina la mjomba na majina mawili ninayoyakumbuka kwa hakika. La tatu nimeliandika kwa alama ya kuuliza. Mistari 5 nimeiacha wazi. Ikiwa katika wanachama wanaosoma maneno haya yupo ambaye baba yake, au babu yake, au mjomba wake alikaa zamu ya usiku Tunguu, akafuturu kwa tende mlangoni huku ndani kumenyamaza, basi namwomba aniletee jina kwa katibu wa tawi la Koani. Nitakuwapo nyumbani msimu ujao, nami nitalipa deni langu, jina kwa jina, kama tulipavyo pishi kwa pishi.

Mwanachama,
Bangwe, Kigoma